Mazoezi ya Macho: Tiba, Biashara, au Kisingizio?

Wahenga walinena kwamba ukipenda chongo utaita kengeza. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi kama fumbo la mahaba: apendaye huipunguza kasoro ya mpenziwe, na aliyekosa jicho akahesabiwa kuwa mwenye jicho lililopinda tu. Katika miaka yangu yote ya kusoma na kufundisha methali, sijasikia mtu akiuliza swali lililo upande wa pili wa fumbo hilo. Ikiwa kengeza ni jina la hisani anapewa mwenye chongo, je, mwenye kengeza mwenyewe huitwaje pale asipopendwa?

Jibu ninalo, na sikulipata vitabuni. Huitwa mzembe. Huitwa mjinga. Katika hadithi tunazosimuliana hupewa nafasi ya kichekesho au ya mchawi, na darasani hupewa dawati la nyuma.

Makala haya yanahusu aina ya matibabu ambayo wengi wetu hatujaisikia, nayo ni matibabu ya macho kwa njia ya mazoezi, bila kisu na aghalabu bila dawa. Najua kwamba jarida letu ni la Kiswahili wala si la utabibu, na yamkini mhariri atakunja uso. Namwomba avumilie. Sisi ni watu wanaoishi kwa macho. Mwanafasihi asiyeweza kusoma kwa saa mbili mfululizo ni sawa na mkulima asiyeweza kushika jembe. Aidha, mjadala wenyewe, kama nitakavyoonyesha, umekwama kwenye maneno kabla haujafika hospitalini.

Mimi sina kengeza la kuonekana. Ubaoni nilikuwa nikisoma bila taabu hata nikiwa nyuma kabisa ya darasa. Taabu ilikuwa kitabuni. Baada ya dakika kumi hivi, maneno yalianza kuogelea, mistari ikapandana, kichwa kikaniuma juu ya nyusi, nami nikafunga kitabu. Mwalimu wangu wa darasa la tano aliandika katika ripoti ya muhula kwamba nina akili lakini ni mvivu wa kusoma. Mama aliisoma sentensi ile kwa sauti mbele ya wageni. Nilipofika kidato cha pili nilipelekwa kwenye duka la miwani mjini. Nikasomeshwa herufi za ukutani, nikazisoma zote hadi mstari wa mwisho, na bado nikauziwa miwani. Sikuona tofauti yoyote isipokuwa alama mbili nyekundu puani.

Siri ilifichuka nilipoanza masomo ya uzamili. Utafiti wangu unahusu tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na anayezijua hati hizo anafahamu kwamba uhai wake umo katika nukta. Mwanzoni mwa neno, nukta moja juu ya kijino ni nun na mbili ni ta. Moja chini ya kijino kile kile ni ba na mbili ni ya. Jioni moja, baada ya saa tatu za kuchungulia nakala ya muswada, nilinakili "tena" mahali ambapo mshairi alikuwa amesema "nena". Msimamizi wangu alinirudishia kurasa zile akiwa ametia duara makosa kumi na moja, takriban yote ya aina moja: palipo na nukta moja nimeona mbili. "Mwanangu," akasema, "hili si kosa la sarufi. Nenda ukapimwe macho." Nikamjibu kwamba nimekwisha kupimwa na kuvalishwa miwani. Akasema, "Basi nenda kwa mwingine."

Mpimaji macho niliyemwendea hakuanza na herufi za ukutani. Alichukua kalamu ya kawaida, akaishika mbele ya uso wangu umbali wa mkono mmoja, akaniagiza niitazame ncha yake huku akiisogeza polepole kuelekea puani. Mtu ambaye macho yake yanashirikiana vyema huendelea kuona kalamu moja hadi ikaribie pua kwa sentimita tano au sita hivi. Yangu iligawanyika ikiwa ingali mbali, zaidi ya sentimita kumi na tano, na mpimaji akaliona jicho langu la kulia likikata tamaa na kutoroka upande wa sikio. Macho yenyewe yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni maafikiano.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Tunapotazama mbali, macho yetu hukaa sambamba. Tunapotazama kitabu, sharti yageuke ndani yote mawili kwa pamoja ili yakutane kwenye neno moja, na wakati huo huo lenzi iliyo ndani ya kila jicho ibadili umbo lake ili herufi zisififie. Kugeuka huko kukilegea, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Ama utaziona zote mbili, na hapo nukta moja huwa mbili, ama utatumia nguvu kuzishikanisha, na hapo ndipo maumivu ya kichwa huanzia. Mtoto mwenye tatizo hili hulala kitabuni, huruka mistari, hurudia sentensi aliyokwisha kuisoma. Mwalimu asiyejua anaona uvivu mtupu.

Nilipewa uzi. Ndiyo, uzi wa mita kadhaa wenye shanga tatu za rangi tofauti. Ncha moja hufungwa kwenye kitasa cha mlango na nyingine hushikwa puani. Ukiitazama shanga moja, na macho yote mawili yakawa kazini, utauona uzi ule mmoja umekuwa nyuzi mbili zinazopishana papo hapo kwenye shanga mithili ya herufi X. Uzi mmoja ukitoweka, ujue ubongo umelizima jicho moja. Nyuzi zikipishana mbele ya shanga au nyuma yake, ujue macho yamelenga pasipo. Kifaa hiki kilibuniwa katika karne ya ishirini na Frederick Brock, mpimaji macho mwenye asili ya Uswisi, na sidhani kama kuna kifaa cha tiba kilicho rahisi kukishinda. Mshona shanga wa soko lolote anaweza kukitengeneza kabla ya adhuhuri. Nilifanya mazoezi hayo, pamoja na mengine ya lenzi na picha za pande mbili, mara moja kwa wiki katika kliniki na robo saa kila siku chumbani. Wenzangu wa bweni walidhani nimejiunga na waganga. Kufikia wiki ya kumi na mbili kalamu ilikuwa inafika sentimita saba kabla ya kugawanyika, na siku hizi naweza kukaa na muswada asubuhi nzima.

Hadi hapa nimetoa ushuhuda, na kila tangazo la mganga lililobandikwa kwenye nguzo za umeme lina ushuhuda pia. Tuuache ushuhuda wangu kando tutazame majaribio. Mwaka wa 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto 221 wa umri wa miaka 9 hadi 17, wote wakiwa na udhaifu huu wa macho kutokutana karibu. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi la kwanza lilifanyishwa mazoezi kliniki chini ya mtaalamu, pamoja na mengine nyumbani. La pili lilifanya mazoezi nyumbani kwa kompyuta na kalamu. La tatu lilifanya zoezi la kalamu peke yake. La nne lilikwenda kliniki na kufanyishwa mazoezi ya kuigiza tu, yasiyo na athari iliyokusudiwa, bila wao kujua. Baada ya wiki 12, waliopona au kupata nafuu walikuwa asilimia 73 katika kundi la kwanza, asilimia 33 katika la pili, asilimia 43 katika la tatu, na asilimia 35 katika lile la maigizo.

Wauzaji wa tiba hii huipenda sana ile asilimia 73. Mimi huitazama pia asilimia 35. Maana yake ni kwamba zaidi ya thuluthi ya watoto waliofanyishwa mchezo mtupu waliondoka na nafuu, na huenda sehemu ya nafuu yangu mwenyewe ilitoka kwenye chemchemi hiyo hiyo ya matumaini. Lakini tofauti iliyopo kati ya 73 na 35 haiwezi kuitwa matumaini. Tena, tazama kundi la tatu: zoezi la kalamu nyumbani, ambalo ndilo daktari mwenye haraka hulipendekeza, halikushinda maigizo kwa tofauti yenye uzito wa kitakwimu. Kwa hiyo anayesema mazoezi ya macho ni upuuzi amekosea, na anayesema jisogezee kalamu tu utapona naye amekosea.

Kuna kisa kingine ambacho mwanafasihi hawezi kukipita. Susan Barry, aliyekuwa profesa wa elimu ya neva katika chuo cha Mount Holyoke huko Massachusetts, alikuwa na kengeza tangu uchanga. Alipasuliwa mara tatu utotoni. Macho yakanyooka kwa kutazamwa, lakini hayakujifunza kutazama pamoja, naye akaishi katika dunia bapa kama ukurasa bila kujua kwamba wenzake wanaona kina. Wanasayansi wengi wa wakati huo, kwa kuzingatia majaribio ya Hubel na Wiesel yaliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981, waliamini kwamba uwezo huo usipojengeka utotoni basi mlango umefungwa. Barry alianza mazoezi akiwa na umri wa miaka 48, uzi wa shanga ukiwemo. Siku moja aliketi garini, na usukani ukajitokeza mbele yake, ukasimama peke yake hewani, na nyuma yake pana nafasi. Baadaye aliona theluji ikianguka, naye yumo ndani yake badala ya kuitazama kama pazia. Oliver Sacks alimwandika mwaka wa 2006, naye mwenyewe akatoa kitabu mwaka wa 2009. Nimevutiwa na kisa hiki kwa sababu ya tatizo la lugha lililomo: mtu atakielezaje kina kwa asiyewahi kukiona? Barry alikuwa akifundisha habari za macho darasani, akidhani kwamba anajua maana ya neno hilo.

Hata hivyo, kisa cha mtu mmoja, hata kikisimuliwa kwa ufasaha wa Sacks, hakituambii ni wangapi walijaribu mazoezi hayo hayo wakaambulia patupu.

Na fasihi yenyewe ina mfano wa kututahadharisha. Mwaka wa 1920 daktari wa New York aitwaye William Bates alichapisha kitabu akidai kwamba miwani haina haja, kwamba kasoro nyingi za kuona hutokana na kuyakaza macho, na kwamba mazoezi ya kuyalegeza yataziponya. Miongoni mwa waliomwamini alikuwa mwandishi Aldous Huxley, ambaye ugonjwa wa macho ulimpofusha takriban kabisa mwaka wa 1911 akiwa kijana wa miaka 16. Huxley aliyafuata mafunzo ya Bates na mwaka wa 1942 akatoa kitabu kizima cha kuyasifu. Miaka kumi baadaye, Bennett Cerf alisimulia jinsi alivyomwona Huxley kwenye karamu moja Hollywood akisoma hotuba yake bila miwani, kwa wepesi wa kupendeza. Ghafla akakwama. Ikadhihirika kwamba hakuwa anasoma, hotuba aliikariri. Akaileta karatasi karibu zaidi na macho, kisha karibu zaidi, mwishowe akatoa kioo cha kukuzia mfukoni mwake. Cerf aliandika kwamba lilikuwa jambo la kutia uchungu kulitazama. Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba kutoona mbali hutokana hasa na umbo la jicho lenyewe, na hakuna zoezi lililothibitishwa kulifupisha jicho lililorefuka. Lakini vitabu vya Bates vingali vinauzwa, na mafunzo yake sasa yamehamia kwenye simu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Shangazi yangu ana mtoto wa kiume wa miaka kumi. Mtoto huyu ni hodari wa kusimulia na wa hesabu za kichwa, ila kusoma kumemshinda. Huchanganya silabi, "kabati" huisoma "bakati", sentensi ya maneno sita humchukua dakika nzima. Shangazi aliposikia kwamba macho yangu yametibiwa kwa mazoezi, aliona nuru. Akampeleka kwa mtu aliyemwahidi kwamba ndani ya vikao arobaini mtoto atasoma kama wenzake. Shangazi aliuza ng'ombe wa maziwa. Vikao viliisha, na mtoto angali anasoma "bakati". Nilipompeleka kwa mpimaji wangu, kalamu ilimfikia puani ikiwa moja. Macho yake hayakuwahi kuwa na tatizo. Shida yake imo katika namna ubongo unavyounganisha sauti na herufi, na hiyo hutibiwa na mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, kwa subira, sauti moja baada ya nyingine.

Shangazi aliniuliza, "Sasa mwanangu, mbona wewe ulipona?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilipaswa kumweleza kabla hajauza ng'ombe kwamba tiba yangu na shida ya mwanawe ni mambo mawili, na sikufanya hivyo, kwa sababu nami nilikuwa nimelewa furaha ya kupona na nikawa nasema kila mahali kwamba "mazoezi ya macho yalinifanya nisome". Ni sentensi fupi, na kwangu ilikuwa kweli. Ilipotoka kinywani mwangu ikaingia sikioni mwa mzazi mwenye dhiki, ikageuka uongo.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kulisema jambo hili waziwazi. Mwaka wa 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kikishirikiana na vyama vya madaktari wa macho, kilitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaounga mkono mazoezi ya macho kama tiba ya ugumu wa kujifunza kusoma. Mtu angeweza kusema kwamba hao ni madaktari wa upasuaji wanaolinda shamba lao, na ni kweli kwamba baina ya madaktari wa macho na wapimaji macho kuna ugomvi mkongwe wa mipaka. Lakini mwaka wa 2019 yalitolewa matokeo ya jaribio jingine, la watoto zaidi ya 300, lililoendeshwa na kundi lile lile la watafiti walioitetea tiba hii mwaka wa 2008. Safari hii waliuliza kama kuwatibu watoto wenye udhaifu wa macho kutokutana karibu kutaboresha ufahamu wao wa kusoma. Baada ya wiki 16, waliopata mazoezi ya kweli hawakuwazidi waliopata ya kuigiza. Nawapa heshima watafiti hao. Si watu wengi wanaochapisha jibu wasilolitaka.

Basi mipaka ya tiba hii ni ipi? Udhaifu wa macho kutokutana karibu umo ndani. Jicho ambalo ubongo umelisusa limo ndani pia, japo hapo tiba kuu ni miwani na kulifunika jicho zima ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Mbinu hii ni ya kale: mwaka wa 1743 iliandikiwa tasnifu na Buffon wa Ufaransa, yule yule ambaye wanafunzi wa elimumitindo humkumbuka kwa hotuba yake ya mwaka wa 1753 kuhusu mtindo. Utafiti wa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka saba wenye tatizo la kadiri, kufunika jicho saa 2 kwa siku kulileta nafuu sawa na saa 6. Wa mwaka wa 2005 ukaonyesha kwamba hata wa miaka 7 hadi 12 hawajachelewa: waliotibiwa kwa kufunikwa jicho na matone pamoja na miwani, asilimia 53 walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliopewa miwani peke yake.

Saa mbili kwa siku! Kijijini kwetu yupo mama aliyeagizwa hivyo kwa bintiye wa miaka minne. Alikibandua kile kibandiko siku ya tatu. Majirani walikuwa wakimcheka kwamba amemtia mwanawe chongo.

Na kuna kisa ambacho hakihusiani na mazoezi hata kidogo, nacho ndicho cha kuogopwa zaidi. Kengeza linalozuka kwa mtoto mchanga, au weupe unaong'aa ndani ya mboni kama jicho la paka gizani, huenda ni dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwahiwa, mtoto huishi. Ikicheleweshwa, huchukua jicho, kisha maisha. Kila wiki inayotumika kufanya mazoezi kabla ya daktari kuangalia ndani ya jicho ni wiki ya kuchezea roho ya mtoto. Kwa hivyo mtu yeyote anayemwambia mzazi aanze na shanga kabla ya uchunguzi wa daktari, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta, simwiti mtaalamu.

Nchini mwetu kikwazo cha kwanza ni kutopimwa. Hapa hatuanzii sifuri. Katika Kaunti ya Trans Nzoia walimu wa shule walifunzwa kuwapima wanafunzi kwa simu ya mkononi, na utafiti wa daktari Hillary Rono na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2018, ulilinganisha shule 50. Palipotumika simu, wazazi wakaonyeshwa jinsi mtoto wao anavyoiona dunia na kukumbushwa kwa ujumbe, asilimia 54 ya watoto walioonekana kuwa na tatizo walifika hospitalini. Palipotumika kadi ya kawaida na barua ya mwalimu, walifika asilimia 22. Angalia kilicholeta tofauti: mzazi alielezwa akaelewa. Nasikitika tu kwamba kipimo kile, kama zilivyo herufi za ukutani, hupima uwezo wa kuona mbali. Mimi ningekipita. Kuongeza kalamu inayosogezwa puani kungemchukua mwalimu nusu dakika kwa kila mtoto.

Wanachama wenzangu, kila muhula chama chetu huzuru shule za upili na za msingi kwa makongamano ya Kiswahili. Tunabeba mashairi, maswali ya isimu na fulana. Napendekeza tubebe kalamu pia, na karatasi moja ya maelezo kwa mzazi, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, ikitaja dalili, ikitaja nani wa kumwona kwanza, ikisema kinachotibika kwa mazoezi na kisichotibika. Karatasi za aina hiyo nilizoziona zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu wa Kiingereza angekikimbia. Nimeanza kuandika rasimu na mpimaji wangu amekubali kuikagua.

Nimekwama kwenye neno moja. Lile jicho lililosuswa na ubongo Waingereza huliita jicho vivu, na wengi wetu tumekwisha kuitafsiri sisisi. Mimi silitaki neno hilo. Mtoto ambaye amekwisha kuitwa mvivu na mwalimu, mvivu na mama, hawezi kukabidhiwa karatasi inayolitukana na jicho lake pia; isitoshe, jicho lenyewe halikuvia kazi bali lilinyimwa kazi. Nimejaribu "jicho lililosuswa", nikaona linakwaza ulimi. Nimejaribu "jicho lililolala", nikahofia wazazi watasubiri liamke lenyewe. Kiswahili kilichoweza kuuita ugonjwa mwingine "mtoto wa jicho" hakishindwi na hili. Mwenye neno bora na aniletee kabla ya ziara ya muhula ujao.